George Washington Carver: Mwanasayansi Aliyelelewa Jikoni

Jina la George Washington Carver linapotajwa, aghalabu huandamana na karanga. Wapo hata wanaoshikilia kwamba ndiye aliyevumbua siagi ya karanga, dai lisilo na msingi. Umaarufu huo umeifunika sehemu muhimu zaidi ya maisha yake, yaani kazi za mikono alizojifunza utotoni katika shamba moja la Missouri, nchini Marekani. Kazi hizo ndizo zilizomlisha na kumsomesha, na ndizo alizokuja kuwafundisha wengine.

Carver alizaliwa utumwani mnamo 1864 au karibu na hapo. Yeye mwenyewe hakuijua tarehe. Mamake, Mary, alikuwa amenunuliwa mwaka wa 1855 kwa dola 700 na Moses Carver, mkulima wa Diamond Grove. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, wanyang'anyi walilivamia shamba wakamteka Mary pamoja na mwanawe mchanga, wakawavusha hadi Arkansas. Moses alimtuma mtu awafuate. Mtoto alirejeshwa akiwa mahututi kwa kifaduro, na farasi akatolewa kuwa malipo. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulipofutwa Missouri mnamo Januari 1865, George na kakake Jim walibaki na kulelewa na Moses na mkewe, Susan. Jim alikuwa mwenye nguvu, hivyo alifuatana na Moses kondeni. George alikuwa dhaifu wa mwili, mwenye sauti nyembamba, basi akaachwa nyumbani na Susan. Udhaifu ndio uliomweka mtoto wa kiume mahali ambapo ujuzi mwingi wa shamba ulihifadhiwa.

Shamba hilo, lenye ekari 240, halikutegemea duka kwa mengi. Manyoya ya kondoo yalichambuliwa, yakachanwa, yakasokotwa nyuzi kwa gurudumu, kisha yakafumwa nguo. Kitani nacho kililowekwa majini hadi ganda likalegea, kikapondwa na kusokotwa. Ngozi za mifugo zililainishwa kwa magome ya miti ili zitengenezwe viatu. Mashambani enzi hizo, sabuni ilitokana na majivu ya kuni: maji yalipitishwa humo polepole, na kile kilichochuruzika kikachemshwa pamoja na mafuta ya wanyama. Ni kazi iliyohitaji jicho kali, kwa kuwa maji ya majivu yakiwa hafifu sabuni haigandi, nayo yakizidi ukali huiunguza ngozi ya mfuaji. Hiyo ni kemia, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Susan alimfundisha George kupika, kufua, kushona, kutarizi na kufuma kwa kroshia. Nyakati za mapumziko mvulana alijipenyeza msituni, alikokuwa na bustani yake ya siri, akiuguza mimea iliyonyauka hadi majirani wakaanza kumletea yao.

Shule ya karibu haikuwapokea watoto weusi. Kwa hiyo, mnamo 1877 hivi, alihamia Neosho, akaishi na Andrew na Mariah Watkins. Mariah alikuwa mkunga na dobi aliyejua dawa za mitishamba, naye akamwongezea kijana ujuzi wa kufua na kupiga pasi. Kutoka hapo Carver alihama mji hadi mji wa Kansas akipikia watu na kuwafulia ili apate karo. Huko Fort Scott, mnamo 1879, alishuhudia umati ukimuua mtu mweusi, akaondoka mara moja. Chuo cha Highland kilimkubali kwa barua mwaka wa 1885, kisha kikamkataa kilipoiona rangi yake. Alipoingia Chuo cha Simpson huko Iowa mnamo 1890 kusomea sanaa, alijikimu kwa kuwafulia wanafunzi wenzake nguo. Beseni na ubao wa kufulia vilimfikisha mbali kuliko ufadhili wa mtu yeyote.

Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, ndiye aliyemshauri ahamie Ames asomee kilimo. Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1894 na ya uzamili mwaka wa 1896, kisha akaitwa na Booker T. Washington kufundisha Tuskegee, Alabama. Hakukuwa na maabara. Carver na wanafunzi wake waliokota chupa na mikebe jaani wakaunda vifaa vyao, jambo ambalo halikumshangaza mtu aliyekulia pale ambapo kitu hakitupwi.

Wakulima weusi wa Alabama walikuwa wamefungwa na madeni pamoja na pamba iliyouchosha udongo. Carver aliwahimiza kupanda kunde, karanga na viazi vitamu, na mnamo 1906 gari la kukokotwa na farasi lilianza kupeleka mafunzo vijijini. Hata hivyo, ukivisoma vijitabu vyake utamsikia Susan na Mariah zaidi ya mkemia. Kimoja cha 1911 kinaeleza namna ya kupaka nyumba rangi kwa udongo wa mahali hapo. Cha 1912 kinahusu kuhifadhi nyama wakati wa joto, na cha 1917 kinafundisha njia 43 za kutumia matunda ya plamu mwitu. Ile orodha ndefu ya bidhaa za karanga iliyompa sifa mbele ya kamati ya Bunge mnamo 1921 haikuzaa viwanda vingi. Vijitabu, kwa upande mwingine, vilimfaa mwanamke aliyekuwa na sufuria moja na watoto sita.

Wako waliomcheka mwanamume aliyefuma kroshia. Hakuacha. Katika chumba chake Tuskegee alitunza gurudumu la kusokotea nyuzi lililokuwa la mamake, pamoja na hati ya mauzo ya mama huyo. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa kando ya Booker T. Washington. Jumba la makumbusho lililofunguliwa kwa heshima yake mwaka wa 1941 liliungua mnamo 1947, na picha zake nyingi za kuchora zikateketea.