Bibi Kizee wa Bandia: Maisha ya Moms Mabley

Kabla sijaanza naomba nikiri jambo moja. Chama chetu kilipokuwa kikitayarisha mchezo wa tamasha la drama, mimi nilipewa nafasi ya bibi kizee. Nililia. Wenzangu walikuwa daktari, mwalimu na bi harusi, na mimi nikapewa mkongojo na leso kuukuu. Vijana wa viti vya nyuma walianza kucheka hata kabla sijafungua mdomo. Mwalimu mlezi wa chama hakunibembeleza. Alinipa karatasi chache juu ya maisha ya mama mmoja wa Kimarekani, akaniambia nikasome kwanza, halafu nikitaka kukataa nikatae. Nilisoma, nikatafuta na nyingine, na leo nawaletea habari zake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Loretta Mary Aiken. Alizaliwa miaka ya 1890 katika mji mdogo wa Brevard, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka wa 1865, lakini watu weusi bado walitengwa kwa sheria. Shule zao mbali, viti vyao kwenye gari la moshi mbali. Baba yake, James Aiken, alikuwa mfanyabiashara na pia mzimamoto wa kujitolea. Mwaka wa 1909 gari la kuzimia moto lililipuka, akafa. Baadaye mama yake naye akagongwa na lori, akafa pia.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini za yatima hata hazina ukingo. Kwa maelezo yake mwenyewe, Loretta alitendewa unyama na wanaume wazima mara mbili angali mtoto, akazaa watoto wawili ambao hakubaki nao. Tena akaozwa mume mzee asiyemtaka. Hapa msomaji wa Kwale hahitaji kuchorewa picha. Karibu kila darasa lina dawati lililobaki tupu, na sote twajua mwenyewe alikwenda wapi, na twajua watu walimcheka vipi.

Aliyemwokoa ni bibi yake. Yeye ndiye aliyempa moyo aondoke akautafute ulimwengu. Basi Loretta akaondoka angali kigori, akafika mji wa Cleveland, akajiunga na kikundi cha wasanii wa kuzungukazunguka. Aliimba, akacheza ngoma, akaigiza. Huko alipata mchumba aliyeitwa Jack Mabley, naye msanii. Uchumba ukavunjika. Yeye akabaki na jina, akajiita Jackie Mabley, na baadaye akawa akitania kwamba yule bwana alimchukulia mengi, kwa hivyo kumchukulia jina si kosa. Wasanii wenzake walimwita Moms, yaani Mama, kwa sababu aliwatunza kama watoto wake.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Walizunguka kwenye majumba ya michezo ya watu weusi, malipo kidogo na safari ndefu. Hoteli nyingi hazikuwapokea watu weusi, kwa hivyo walilala walikokaribishwa. Mwaka wa 1921 alikutana na Butterbeans na Susie, mume na mke waliovunja watu mbavu kwa kuigiza ugomvi wa nyumbani. Hao wakamsaidia kupata kazi nzuri zaidi, naye akafika New York, mtaa wa Harlem.

Sasa hebu sikiliza ajabu yake. Moms Mabley alipoanza kujulikana alikuwa mwanamke kijana, tena mrembo. Lakini jukwaani alitoka bibi kizee. Alivaa gauni la nyumbani pana kama dera lililopitwa na wakati, kofia iliyolegea na viatu vikubwa. Baadaye, alipokuwa ametia meno ya bandia, aliyatoa kabisa kabla ya kupanda jukwaani, akasema na kibogoyo chake. Bibi huyo alimwiga bibi yake mwenyewe.

Kwa nini kijana avae uzee? Mimi jibu nililipata nyumbani kwetu Msambweni. Bibi yangu hukaa nje akisuka makuti, na kila apitaye humtania. Akija mzee wa mtaa, bibi humuuliza ati tumbo hilo ni la miezi mingapi. Watu hucheka wee, na mzee mwenyewe hucheka. Halafu bibi huingiza neno la kisima kilichoharibika, na mzee akashindwa kukasirika, maana ameshacheka. Mama yangu akisema neno lilo hilo huambiwa hana adabu. Kumbe bibi ana ruhusa ambayo mwanamke kijana hana! Moms aliijua siri hiyo, ndipo akajifanya bibi kabla ya wakati wake.

Kwa ruhusa hiyo alisema mengi. Alizisema sheria za ubaguzi za kusini. Aliwasema wakubwa, hata marais, kana kwamba ni wajukuu waliomwudhi. Zaidi ya yote aliwasema waume wazee. Kila siku alitangaza kwamba mwanamume mzee hamtaki hata kwa dawa, yeye ataka vijana tu. Watu walidhani ni mzaha mtupu. Wachache walijua kwamba aliyesimama pale aliwahi kuozwa mzee kwa nguvu. Walicheka kwenye kidonda chake, lakini kwa idhini yake, na pesa za kiingilio zikamlisha.

Vichekesho vyake alivitunga mwenyewe. Mwaka wa 1931 yeye na mwandishi maarufu Zora Neale Hurston walishiriki kuandika na kuigiza mchezo ulioitwa Fast and Furious kule Broadway. Mchezo haukudumu, lakini jina lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka wa 1933 alipata nafasi ndogo katika filamu ya The Emperor Jones, ambayo nyota wake alikuwa Paul Robeson. Mwaka wa 1939 akawa mwanamke wa kwanza kupanda peke yake kama mchekeshaji katika jumba la Apollo, Harlem. Apollo si mahali pa mchezo, maana watazamaji wa pale wakichoka nawe wanakuzomea hadi ushuke. Yeye alirudi tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka wa 1948 akaigiza katika filamu ya Boarding House Blues, akiwa mama mwenye nyumba ya wapangaji.

Hata hivyo watu weupe wengi hawakumjua. Ilikuwa mpaka miaka ya 1960, sahani zake za santuri za vichekesho zilipoanza kuuzwa sana. Mwaka wa 1962 akapanda jukwaa la Carnegie Hall, na mwaka wa 1967 akaonekana kwenye runinga katika kipindi kilichotayarishwa na Harry Belafonte, yule yule aliyerekodi Malaika na Miriam Makeba. Alikuwa amepita umri wa miaka 70. Gauni la kizee sasa lilikuwa lake kweli.

Mwaka wa 1969 alifanya jambo lisilotarajiwa. Alirekodi wimbo wa huzuni, Abraham, Martin and John, unaowaomboleza viongozi waliouawa, akiwemo Martin Luther King. Hakutia mzaha hata mmoja. Wimbo ukaingia katika nyimbo 40 bora za Marekani. Watu waliozoea kucheka walimsikiliza kimya, na nadhani wangalikuwa hawajawahi kucheka naye wasingalimsikiliza vile.

Filamu yake ya mwisho, Amazing Grace, ilitoka mwaka wa 1974. Wakati wa kuipiga alishikwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa, akarudi kumaliza kazi. Tarehe 23 Mei 1975 aliaga dunia huko White Plains, jimbo la New York. Alikuwa jukwaani kwa zaidi ya miaka 60.

Basi mimi nikaurudia mkongojo wangu. Bibi wa mchezo wetu ndiye anayesimama mbele ya wazee kusema mjukuu wake haozwi, anarudi shule. Siku ya maonyesho nilitoka nimeinama, leso kichwani, nikawatania wazee wa kwenye mchezo mmoja mmoja. Vijana wa nyuma walicheka, safari hii nikiwachekesha mimi. Nilipofika kwenye neno la mjukuu ukumbi ulinyamaza. Nilisikia feni ikizunguka.

Nyumbani bibi aliniuliza nilifanya nini huko shuleni. Nikamwambia nilikuwa yeye. Akasema basi mkongojo wake niurudishe.