Abulqasim Az-Zahrawi, Mpasuaji wa Andalusi

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho imetupendeza kumtaja mmoja wa wakubwa wetu waliotangulia, Abulqasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, ambaye Wazungu humwita Albucasis. Alizaliwa yapata mwaka 936 katika Madinat az-Zahra, mji ambao Khalifa Abdurrahman wa Tatu alianza kuujenga karibu na Cordoba, katika nchi ya Andalusi ambayo leo ni Hispania.

Habari za ujana wake ni chache. Lijulikanalo ni kwamba aliganga watu miaka mingi, na mnamo mwaka 1000 akakamilisha kitabu kikubwa kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina picha za vyombo vipatavyo 200: visu, kulabu, koleo, sindano na vyuma vya kuchomea.

Alisikitika kwamba watu wa zama zake walishika kisu bila kusoma viungo vya mwili. Akayataja aliyoyaona. Tabibu mjinga alimpasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akakata mishipa, na yule mwanamke akatokwa na damu hata akafa. Mwingine alimtoa mzee jiwe la kibofu pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee akafa baada ya siku kama tatu. Az-Zahrawi alikuwa ameitwa kulitoa jiwe lile, akakataa, maana aliuona ukubwa wake na hali ya mgonjwa. Kwangu mimi kukataa huko kwapita vyombo vyote 200.

Wala hakuwa mwoga. Kijakazi mmoja alijikata koo kwa kisu. Az-Zahrawi alipoitwa alitazama kwanza, akaona damu ni kidogo na mishipa mikubwa haikukatwa, basi akamshona. Akapona, akabakiwa na sauti ya kukwaruza tu.

Kwa uvimbe usiojulikana kilichomo ndani alikuwa na chuma chembamba chenye ncha. Alikiingiza polepole mahali palipo laini, kisha akatazama kinachotoka, ndipo aamue. Lakini bandama, yaani wengu, hakuipasua. Mgonjwa wa bandama alichomwa kwa chuma cha moto mara tatu au nne, nako kulikuwa kuchoma ngozi ya juu tu. Hata huku kwetu wazee walichanja chale ubavu wa kushoto kwa maradhi hayo hayo.

Tusimlaumu. Uvimbe wa maji ndani ya bandama ni maradhi ya nadra, na kwa mkono hauwezi kupambanuliwa na bandama iliyofura kwa homa ya malaria. Siku hizi matabibu huutazama kwa mashine za picha pasipo kumchoma mtu sindano, na hiyo ni rehema kubwa. Kwani uvimbe mwingine hutokana na mnyoo wa mbwa, kama ule uliosumbua sana wafugaji wa Turkana, na maji yake yakimwagika tumboni huweza kueneza mbegu za mnyoo, au kumletea mgonjwa mshtuko wa kumuua papo hapo. Kile chuma chembamba kingalileta msiba hapo. (Sisi tuliofundishwa kuosha mara saba chombo kilichorambwa na mbwa tusishangae.)

Uvimbe mdogo usio wa mnyoo wala usioumiza huachwa na kuangaliwa tu. Ule mkubwa, wenye maumivu au unaohofiwa kupasuka, hutolewa. Zamani bandama yote ilikatwa. Baadaye ikafahamika kwamba bandama hulinda mwili na vijidudu vya maradhi, basi mpasuaji, akiweza, hukata sehemu yenye uvimbe na kuibakiza iliyo nzima. Ikilazimu kuitoa yote, mgonjwa hupewa chanjo.

Mwaka 1010, katika fitina ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe, Madinat az-Zahra uliporwa na kubomolewa. Az-Zahrawi alifariki yapata mwaka 1013. Kitabu chake kilisalimika. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kwa Kilatini mjini Toledo sehemu ile ya upasuaji, nayo ikapigwa chapa Venice mwaka 1497. Wapasuaji wa Ulaya waliisoma kwa karne nyingi, na mjini Cordoba ipo njia yenye jina lake.