Franco Luambo: gitaa lake la kwanza lilikuwa mkebe na nyaya za umeme

Karibu mwaka 1945, katika mji wa Léopoldville ambao leo ni Kinshasa, mtoto wa miaka saba alichukua mkebe mtupu, akaufunga kwenye kipande cha mbao, kisha akavuta juu yake nyaya za umeme zilizotolewa ganda. Hilo ndilo lilikuwa gitaa lake la kwanza. Miaka 44 baadaye, mtoto huyo alipofariki, serikali ilitangaza siku nne za maombolezo katika nchi nzima. Jina lake ni François Luambo Makiadi, lakini Wakongo wanamjua kama Franco.

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, kijiji kilicho kando ya reli ya kwenda Matadi, katika jimbo ambalo sasa linaitwa Kongo ya Kati. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia mji mkuu Franco akiwa bado mdogo. Mwaka 1949 baba yake alifariki. Pesa ya shule ikakosekana, na masomo yakaishia hapo.

Mama yake alibaki na mzigo wa kulea watoto kwa kuuza mandazi sokoni katika mtaa wa Ngiri-Ngiri. Franco alikaa karibu na meza ya mama akipiga gitaa lake la mkebe ili wapita njia wasimame na kununua. Hivyo muziki wake wa kwanza haukuwa mchezo wa mtoto tu. Ulisaidia chakula kupatikana nyumbani.

Gitaa la namna ile lina mipaka yake. Waya wa umeme ni laini, hulegea haraka, na sauti yake haikai sawa kwa muda mrefu. Mkebe nao unatoa mlio mkali na mfupi. Lakini mkono wa mtoto ulijifunza jambo moja la maana: kupiga kwa nguvu na kushika mdundo hata katika kelele za soko.

Aliyemtoa kwenye mkebe ni Paul Ebengo, maarufu kama Dewayon, kijana aliyemzidi Franco miaka michache. Dewayon alikuwa na gitaa halisi, naye alikubali mdogo wake alishike na kujifunza. Mwaka 1950, akiwa na miaka 12 hivi, Franco alianza kupiga katika kundi la Dewayon lililoitwa Watam.

Mwaka 1953 alifika kwenye studio ya Loningisa, mali ya mfanyabiashara Mgiriki, Papadimitriou. Msimamizi wa wanamuziki pale alikuwa mpiga gitaa Henri Bowane, na ndiye aliyempa kijana huyo jina la Franco. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 15, alirekodi wimbo wake wa kwanza.

Wakati huo gitaa la umeme lilikuwa limeanza kuingia Léopoldville. Mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, ndiye anayetajwa kuwa alilileta mwanzoni mwa miaka ya 1950. Gitaa hilo halihitaji tumbo la kukuza sauti. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi unapotikisika karibu na sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya huo na kupelekwa kwenye kikuza sauti. Waya ambao kwa mtoto wa sokoni ulikuwa uzi wa kupigwa, hapa umekaa chini ya uzi na kuusikiliza.

Vyombo hivyo vilikuwa ghali. Mara nyingi vilikuwa mali ya studio au ya mwenye orkesta, na mwanamuziki asiye na chombo chake alibaki chini ya mwenye nacho. Franco alilijua jambo hilo tangu utoto.

Tarehe 6 Juni 1956, yeye na wenzake, wakiwemo Vicky Longomba na Jean Serge Essous, walianzisha OK Jazz. Jina lilitoka kwenye baa ya O.K. walikokuwa wakipiga. Katika African Jazz, Nico Kasanda alisifiwa kwa upigaji laini na safi. Franco alivuta nyuzi mbili kwa pamoja, kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mlio mzito na mdundo usiokatika. Kwa upigaji huo sebene lake lilijulikana mara moja, hata redioni.

Baadaye alimiliki lebo zake mwenyewe, na mjini Kinshasa akajenga jengo la muziki la Un-Deux-Trois. OK Jazz ikawa TPOK Jazz, yenye wanamuziki zaidi ya 30. Mtoto asiyekuwa na gitaa akawa tajiri wa kugawia wengine magitaa, na kuamua nani apige na nani akae.

Ukaribu wake na utawala ulikuwa na pande mbili. Aliimba kumsifu Rais Mobutu, na mwaka 1984 alimfanyia kampeni kwa wimbo. Hata hivyo, mwaka 1978 alifungwa jela kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Miaka miwili baadaye utawala uleule ulimpa cheo cha Mwalimu Mkuu wa muziki wa Zaire.

Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 katika hospitali ya Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, ambako umati mkubwa ulimsindikiza hadi makaburi ya Gombe. Redio ya taifa ilipiga nyimbo zake siku baada ya siku.

Ameacha mamia ya nyimbo, ambazo hadi leo husikika kwenye harusi na matanga, Goma kama Bukavu. Na kwenye mitaa ya miji hiyo bado utaona mtoto akifunga waya kwenye bidoni tupu, akijaribu kupata sauti. Franco naye alianzia hapo, kisha Dewayon akamwachia gitaa halisi mikononi.