Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba aliyeingia kwenye santuri

Leo tunamkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyesikika mbali kabla wengi wetu vijijini hatujawa na redio.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880. Utumwa ulikuwa haujafutwa Zanzibar, naye alipewa jina la Mtumwa. Kwao walifinyanga vyungu. Alivibeba kichwani, akatembea masafa marefu kuviuza huku akiwaita wateja. Sauti hiyo ndiyo iliyomtambulisha.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Shule hakusoma, lakini mwanamuziki Ali Muhsin alikiona kipaji chake na kumfundisha kuimba. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata mjini.

Wakati huo taarab ilikuwa ya kasri la Sultani na nyumba za matajiri, na iliimbwa zaidi kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, ikaeleweka kwa wapishi, wachukuzi na wafua nguo wa Ng'ambo. Wenzake katika kikundi walikuwa pamoja na Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaban.

Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Zilipofika Afrika Mashariki, watu walikusanyika mikahawani kuzisikiliza kwenye gramafoni.

Sifa zilikuja na kejeli. Waliomwonea kijicho walimcheka kwa asili yake ya shamba na kaniki aliyokuja nayo mjini. Siti hakunyamaza. Alijibu kwa nyimbo, na hakuishia kwenye mapenzi. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mwuaji alitoroka kwenda bara, huku wanawake waliotoa ushahidi wakifungwa. Mwanamke wa kawaida hakuwa na pa kupeleka malalamiko kama hayo. Siti aliyapeleka kwenye santuri, na mji mzima ukayasikia.

Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Kwa hiyo, ukisikia taarab kwa Kiswahili kwenye simu yako, kumbuka kwamba binti wa mfinyanzi kutoka Fumba alikuwa miongoni mwa walioifungua njia hiyo.