Bibi Fanny Burney na Kisu cha Daktari wa Jeshi

Wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi wamekwisha kusoma habari za majemadari wengi na vita vyao. Leo tunawaletea maisha ya mwanamke mwandishi, mke wa askari, aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani na daktari mkubwa wa majeshi ya Napoleon, pasipo dawa yoyote ya usingizi, naye akaishi zaidi ya miaka 28 baada ya siku hiyo.

Frances Burney, ambaye jamaa zake walimwita Fanny, alizaliwa tarehe 13 Juni, 1752, katika mji wa King's Lynn, mashariki ya Uingereza. Baba yake, Charles Burney, alikuwa mwalimu wa muziki, baadaye akapata sifa kwa kuandika historia ya muziki. Mama yake alifariki mwaka 1762, binti akiwa na umri wa miaka 10. Hadi alipofika miaka 8 Fanny hakujua hata herufi, na nyumbani alihesabiwa kuwa mtoto mzito. Kumbe alikuwa akisikiliza. Alipojifunza kusoma alianza pia kuandika kwa siri, na alipotimiza miaka 15 akayachoma moto maandishi yake yote, kwa kuwa kutunga hadithi hakukuonekana kuwa kazi ya heshima kwa msichana. Lakini hadithi hazikumwacha. Mwaka 1778 riwaya yake Evelina ilichapishwa bila jina la mwandishi, na watu wa London wakaulizana ni mwanamume gani aliyeitunga. Riwaya ya pili, Cecilia, ilitoka mwaka 1782.

Sifa hizo zilimfikisha katika jumba la kifalme. Tangu mwaka 1786 hadi 1791 alimtumikia Malkia Charlotte katika kazi ya kutunza mavazi yake, kwa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Ilikuwa kazi ya kuitwa kwa kengele asubuhi na usiku, na ilimdhoofisha hata akaomba ruhusa ya kuondoka. Malkia akamkatia pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Tunaitaja pensheni hii kwa sababu ndiyo iliyomwezesha kuolewa na mtu maskini.

Mtu huyo alikuwa Alexandre d'Arblay, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa chini ya Jenerali Lafayette, ambaye mapinduzi ya nchi yake yalimtupa ugenini Uingereza bila mali wala cheo. Walioana Julai 1793, bibi akiwa na miaka 41. Baba yake hakupendezwa na ndoa ile wala hakuhudhuria. Mwishoni mwa mwaka 1794 wakapata mwana mmoja, Alexander, na kwa mapato ya riwaya ya tatu, Camilla, wakajenga nyumba.

Mwaka 1802, vita viliposimama kidogo, walikwenda Ufaransa ili d'Arblay ajaribu kurudishiwa haki zake za kijeshi. Alitoa sharti moja tu, kwamba hatainua silaha dhidi ya nchi ya mke wake. Askari anayeweka sharti la namna hiyo mbele ya mtu kama Napoleon asitarajie kikosi. D'Arblay akaishia kuwa karani katika wizara. Mwaka 1803 vita vikaanza upya, njia ya baharini ikafungwa, na Bibi d'Arblay, kama alivyoitwa sasa, akakwama katika nchi iliyopigana na yake kwa miaka 10 kasoro kidogo.

Huko Paris, yapata Agosti 1810, alianza kuona maumivu katika titi. Hakutaka kumwona daktari. Alidhani kwamba uangalifu na mapumziko vitatosha, na aliona haya, kama wanawake wengi walivyoona na wanavyoona hata leo. Mumewe alimsihi, marafiki wakamsihi, naye akaahirisha. Hatimaye aliitwa Dakta Antoine Dubois, mganga aliyemhudumia mke wa Napoleon. Dubois alimpima, akaandika dawa, kisha akaenda kuzungumza na mume faragha. D'Arblay aliporudi chumbani, uso wake ulimweleza mkewe yote. Dubois alikuwa amesema kwamba bila kisu hakuna tumaini.

Bibi hakukubali upesi. Hapo ndipo alipoingia Dominique Jean Larrey. Jina hili askari yeyote anapaswa kulijua. Tangu mwaka 1792 Larrey alibuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyoingia uwanja wa mapigano na kuwachukua majeruhi risasi zingali zikilia. Kabla yake majeruhi walingoja hadi vita viishe, na wengi walikufa wakingoja. Ni yeye pia aliyeshika kanuni ya kumtibu kwanza aliyeumia zaidi, bila kuangalia cheo chake wala bendera yake. Mtu huyu aliyekwisha kukata mikono na miguu isiyohesabika alipofika kwa Bibi d'Arblay hakukimbilia kisu. Alijaribu kwanza kumtibu kwa dawa, na kwa muda palikuwa na nafuu. Kisha hali ikageuka. Bibi mwenyewe aliamini kwamba habari za misiba ya watu aliowapenda Uingereza ndizo zilizomrudisha nyuma. Elimu ya leo haina hakika ya sababu hiyo, lakini imani yake twaielewa.

Mwaka 1811 madaktari walikutana tena, wakakata shauri moja. Larrey alipomwambia alikuwa na machozi machoni. Bibi akakubali, na tangu hapo alishughulikia jambo lile kama kamanda anavyopanga operesheni. Alitaka apewe habari saa chache tu kabla, ili asihesabu siku. Alitaka mumewe asiwepo, akapanga aitwe kazini siku hiyo kwa shughuli ya haraka. Hata hivyo majuma matatu mazima yalipita akingoja, na sisi twaona kwamba majuma hayo yalikuwa mazito kuliko kisu chenyewe. Daktari mmoja alimwuliza kama alilia kwa sauti alipomzaa mwanawe. Akajibu kwamba hakuweza kujizuia. Daktari akafurahi, akamwonya asijikaze kimya, maana kujikaza kungemdhuru. Tungependa vijana wetu wa depo, wanaofundishwa kuficha kila maumivu, waisikie amri hiyo ya daktari.

Siku ikafika tarehe 30 Septemba, 1811. Barua ililetwa akiwa bado kitandani asubuhi. Akamwondosha mumewe kwa ile hila, akaandaa chumba. Madaktari wakachelewa. Alipoingia sebuleni aliona bandeji, pamba na sifongo vimepangwa tayari, akarudi nyuma, kisha akatembea huku na huko hata moyo ukatulia kwa kuchoka. Akawaandikia mumewe na mwanawe maneno machache, endapo atakufa. Baada ya saa tisa alasiri magari manne yalisimama mlangoni, wakaingia wanaume saba waliovaa nguo nyeusi, pasipo kubisha hodi. Kitanda kiliwekwa katikati ya chumba. Dubois akataka watumishi wote wa kike watoke. Bibi akapinga, na mmoja akabaki.

Alifunikwa uso kwa kitambaa chepesi. Kilikuwa chepesi mno, akaona kila kitu. Aliuona mkono wa Dubois ukichora hewani msalaba, kisha duara, na hapo ndipo alipofahamu kwamba titi lote litaondolewa. Alikuwa akidhani watatoa sehemu tu. Akainuka, akajitolea kulishika titi kwa mkono wake mwenyewe, akawaeleza maumivu yalipo. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamlaza tena, na kidole cha Dubois kikachora upya msalaba na duara.

Larrey akakata. Kazi ilichukua kiasi cha dakika 20, na kabla yake bibi alikuwa amepewa kinywaji cha mvinyo tu. Alipiga kelele muda wote wa kukatwa kwa kwanza. Alisikia kisu kikikwaruza mfupa wa kifua, akazimia, yeye alidhani mara mbili. Alipobebwa kitandani alimwona Larrey amepauka karibu kama yeye, damu imemtapakaa usoni, na huzuni machoni.

Kosa moja la madaktari wale hatuwezi kulipita kimya. Kisu hakikuwa kosa, wala ukosefu wa dawa ya usingizi, kwani Ulaya haikuipata hadi miaka ya 1846 na 1847. Kosa lilikuwa kumwacha alale chini ya kisu bila kujua ni kiasi gani kitaondolewa. Mgonjwa wa leo ana haki ya kujua kabla. Tena ana cha kuchagua: kwa saratani iliyogunduliwa mapema, uchunguzi wa wagonjwa uliodumu miaka 20, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kuondoa uvimbe peke yake na kuongeza matibabu ya mionzi kunampa mgonjwa umri sawa na kuondoa titi lote. Uamuzi hutegemea ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo, na kama mionzi inapatikana. Basi askari ambaye mkewe, mama yake au mwenzake wa kikosini amehisi donge katika titi, hata lisilouma, asimwache anyamaze mwaka mzima. Wanaume nao huupata ugonjwa huu, ingawa kwa nadra.

Je, uvimbe wa bibi ulikuwa saratani kweli? Hapakuwa na hadubini ya kuthibitisha, na madaktari wa leo hubishana kwa sababu aliishi muda mrefu. Waliomtibu hawakuwa na shaka.

Miezi kadhaa baadaye alianza kumwandikia dada yake Esther habari yote. Barua hiyo ilimchukua muda mrefu, kwa kuwa kila alipokumbuka kichwa kilimwuma, na hakuthubutu kuisoma tena alichokwisha kuandika. Jeraha la mwili lilikuwa limefunga; lile lingine lilikuwa bado.

Mwaka 1812 alifaulu kurudi Uingereza na mwanawe, aliyekaribia umri wa kuandikishwa katika jeshi la Napoleon. Mwaka 1815 alikuwa Brussels wakati wa vita vya Waterloo, mumewe akimtumikia mfalme wa Ufaransa, na mji ulipojaa majeruhi naye alisaidia kutengeneza vitambaa vya kufungia vidonda. Katika vita hivyo hivyo, Larrey alijeruhiwa akatekwa na Waprusia. Husimuliwa kwamba nusura apigwe risasi, hata daktari mmoja wa Kijerumani alipomtambua, akapelekwa kwa Jemadari Blücher, ambaye mwanawe aliwahi kutibiwa na Larrey, akaachiwa huru.

D'Arblay alifariki mwaka 1818, na mwana wao, aliyekuwa kasisi, mwaka 1837. Bibi alifariki tarehe 6 Januari, 1840, akiwa na miaka 87, akazikwa pamoja nao katika mji wa Bath. Larrey alimfuata mwaka 1842.