Katharine Blodgett na Mlango wa Maabara

Wengi wetu tunaovaa miwani au kupiga picha hutazama kupitia kioo kisichorudisha mwanga. Ni wachache wajuao kwamba mmoja wa watu wa kwanza kukitengeneza alikuwa mwanamke, Katharine Burr Blodgett.

Alizaliwa tarehe 10 Januari 1898 mjini Schenectady, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mwanasheria wa kampuni ya General Electric, akishughulikia hati za uvumbuzi. Kabla mtoto hajazaliwa, mwizi aliingia nyumbani akampiga baba huyo risasi, naye akafa. Mama akabaki mjane, ana mtoto wa kiume na mimba. Lakini hakumnyima binti yake elimu. Alimsomesha hata akamaliza chuo cha Bryn Mawr mwaka 1917.

Alipokuwa bado chuoni, binti huyo alikwenda kutazama maabara ya kampuni aliyoitumikia baba yake. Aliyemtembeza ni Irving Langmuir, mtaalamu mashuhuri, naye akamshauri aendelee na masomo. Akaenda Chuo Kikuu cha Chicago, akachunguza jinsi makaa yanavyonasa gesi ya sumu katika vinyago vya askari, maana ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 20, akaajiriwa na kampuni ile, mwanamke wa kwanza kuwa mwanasayansi katika maabara yake. Baadaye Langmuir alimwombea nafasi Cambridge, Uingereza, kwa Bwana Rutherford, na mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia katika chuo kikuu hicho.

Kazi yake kubwa ilihitaji saburi. Mafuta ya namna fulani yakitiwa juu ya maji hutandaa, yakawa utando wenye unene wa molekuli moja tu. Blodgett alivumbua njia ya kuuhamishia utando huo juu ya kioo: alikichovya na kukitoa polepole, na kila mara tabaka moja likashika juu ya jingine. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1938 ilitangazwa kwamba kioo chenye matabaka 44 karibu hakirudishi mwanga kabisa. Utando ule ulikuwa laini, ukifutika upesi, na wengine wakapata ulio imara zaidi. Lakini njia yake ya kupanga matabaka hutumika hata leo, nayo huitwa kwa jina la Langmuir na lake.

Wakati wa vita ya pili alichunguza moshi wa kuwaficha askari. Mwaka 1951 alipewa nishani ya Garvan, itolewayo kwa wanawake wa kemia. Akastaafu mwaka 1963, akafariki tarehe 12 Oktoba 1979.

Akili ilikuwa yake, na juhudi ilikuwa yake. Lakini tuutazame mlango alioingilia. Baba yake alikuwa amejulikana katika kampuni ile, na mtaalamu mmoja alikubali kumsemea. Je, binti mwenye akili kama yake, asiye na baba wa namna hiyo wala wa kumsemea, angegonga wapi? Swali hilo halijazeeka. Kwa hesabu za UNESCO, duniani ni karibu mtafiti mmoja tu kati ya watatu aliye mwanamke, na katika utafiti wa viwanda mara nyingi hupungua zaidi.

Basi mzazi asiseme kwamba hesabu na fizikia ni za wavulana. Mwalimu amwonaye msichana hodari amsemee, kama Langmuir alivyofanya. Na mwenye kiwanda apime kazi ya mikono na akili ya mtu, asiulize kwanza ni binti wa nani.