Yasser Arafat

Yasser Arafat (Kairo, Misri, 24 Agosti 1929 – Clamart, Ufaransa, 11 Novemba 2004) alikuwa kiongozi wa Wapalestina kwa miaka 35. Alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO) tangu mwaka 1969 na rais wa kwanza wa Mamlaka ya Palestina. Mwaka 1994 alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Yitzhak Rabin na Shimon Peres wa Israeli.

Kifo chake kilizua mashaka. Madaktari waliomtibu hawakutambua chanzo cha ugonjwa wake, na mwaka 2012 vitu alivyokuwa akivitumia vilikutwa na dalili za poloni-210, ambayo ni sumu nururifu.

Maisha

Jina lake kamili lilikuwa Mohammed Abdel Rahman Abdel Raouf Arafat al-Qudwa al-Husseini, lakini wafuasi wake walimwita Abu Ammar. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Gaza. Mama yake alifariki Yasser akiwa bado mdogo, naye akapelekwa kwa ndugu wa mama huko Yerusalemu kwa miaka kadhaa.

Alisomea uhandisi mjini Kairo, kisha akaenda kufanya kazi Kuwait. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, alianzisha kundi la Fatah pamoja na wenzake. Mwezi Machi 1968 wapiganaji wa Fatah walipambana na jeshi la Israeli huko Karameh, nchini Yordani, na sifa ya Arafat ikaenea katika nchi za Kiarabu. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa PLO.

Baada ya mapigano na jeshi la Yordani mwaka 1970 na 1971, PLO ilihamia Lebanoni. Tarehe 13 Novemba 1974 Arafat alihutubia Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa mjini New York. Mwaka 1982 jeshi la Israeli liliuzingira mji wa Beirut, na PLO ikalazimika kuhamia Tunis, Tunisia. Tarehe 15 Novemba 1988 alitangaza dola la Palestina mjini Algiers.

Mwaka 1993 alikubali Mapatano ya Oslo na Israeli, na mwezi Julai 1994 alirudi Gaza kuongoza Mamlaka ya Palestina. Alichaguliwa kuwa rais mwezi Januari 1996. Mazungumzo ya Camp David ya mwaka 2000 yalishindikana, na miezi michache baadaye ulianza mwamko wa pili wa Wapalestina, yaani intifada ya pili. Kuanzia mwisho wa mwaka 2001 Israeli ilimzuia kutoka Ramallah, naye akaishi ndani ya makao yake, yaliyoitwa Muqata, ambayo sehemu yake kubwa ilibomolewa na jeshi hilo.

Alimwoa Suha Tawil mwaka 1990, nao walikuwa na binti mmoja, Zahwa, aliyezaliwa mwaka 1995.

Ugonjwa na kifo

Tarehe 12 Oktoba 2004, baada ya chakula cha jioni katika Muqata, Arafat alianza kuumwa tumbo, kutapika na kuharisha. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni homa au maambukizi ya tumbo. Hali yake haikuwa nafuu, na chembe za damu zinazosaidia damu kuganda zilipungua sana. Tarehe 29 Oktoba alipelekwa kwa ndege hadi hospitali ya kijeshi ya Percy huko Clamart, karibu na Paris.

Madaktari wa huko walikuta mvurugiko mkubwa wa mgando wa damu. Walitafuta chanzo chake kati ya maambukizi, saratani na sumu, lakini hawakukiona. Tarehe 3 Novemba alipoteza fahamu kabisa. Alitokwa na damu katika ubongo na kufariki tarehe 11 Novemba, akiwa na umri wa miaka 75.

Maiti haikupasuliwa ili kuchunguzwa. Siku iliyofuata mazishi ya kitaifa yalifanyika Kairo, kisha mwili ukapelekwa Ramallah kwa helikopta na kuzikwa katika uwanja wa Muqata, kwa kuwa Israeli haikuruhusu azikwe Yerusalemu. Faili la matibabu lilikabidhiwa kwa familia. Lilionyesha kwamba hakuna sumu inayojulikana iliyokutwa katika vipimo, lakini halikutaja chanzo cha ugonjwa.

Tangu siku hizo Wapalestina wengi waliamini kwamba Arafat aliuawa. Serikali ya Israeli ilikuwa imeamua kimsingi, mwezi Septemba 2003, kwamba ataondolewa. Tena watu walikumbuka kwamba mwaka 1997 majasusi wa Israeli walijaribu kumuua Khaled Mashal, kiongozi wa Hamas, kwa sumu mjini Amman. Israeli ilikana daima kuhusika na kifo cha Arafat.

Poloni-210

Poloni ni elementi iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Isotopu yake poloni-210 hutoa mnururisho wa alfa, ambao unazuiwa hata na karatasi au ngozi ya mtu. Kwa hiyo haidhuru ikiwa nje ya mwili. Ikimezwa au kuvutwa pamoja na hewa, kiasi kidogo sana kinaweza kuharibu viungo vya ndani na kuua. Vipimo vya kawaida vya hospitali hutafuta mnururisho wa gamma, hivyo ni rahisi kutoitambua. Sumu hiyo ilipata kujulikana duniani mwezi Novemba 2006, ilipomuua Alexander Litvinenko, jasusi wa zamani wa Urusi, mjini London.

Nusumaisha ya poloni-210 ni siku 138: kila baada ya muda huo nusu yake inatoweka. Katika miaka minane nusu hizo hufikia 21, na kinachobaki ni sehemu moja tu kati ya milioni mbili hivi. Isitoshe, poloni-210 ipo pia katika udongo na katika mwili wa kila mtu kwa kiasi kidogo, kwa kuwa inatokana na metali ya risasi-210, ambayo nusumaisha yake ni miaka 22.

Uchunguzi

Mwanzoni mwa mwaka 2012 Suha Arafat alitoa nguo na vifaa ambavyo mumewe alivitumia katika siku zake za mwisho, ili vichunguzwe kwa ajili ya kituo cha televisheni cha Al Jazeera. Taasisi ya fizikia ya mnururisho ya Lausanne, Uswisi, ilikuta poloni-210 nyingi kuliko kawaida, hasa katika madoa ya damu, jasho na mkojo. Matokeo yalitangazwa mwezi Julai. Mjane na binti yake walifungua mashtaka nchini Ufaransa, na mwezi Agosti mahakimu wa Nanterre wakaanza uchunguzi wa mauaji.

Kaburi lilifunguliwa tarehe 27 Novemba 2012. Daktari Mpalestina alichukua sampuli za mifupa na udongo, zikagawiwa kwa timu tatu: ya Uswisi, ya Ufaransa na ya Urusi. Mwaka 2013 zilifikia maoni tofauti:

Timu ya Uswisi ilikuta katika mbavu na nyonga poloni iliyozidi kiasi cha kawaida mara 18 au zaidi. Ilisema matokeo yanaunga mkono kwa kiasi fulani dhana ya sumu, bila kuithibitisha. Risasi-210 pia ilikutwa, lakini timu hiyo ilieleza kwamba poloni iliyotengenezwa na binadamu huweza kuwa na mabaki ya risasi hiyo.

Timu ya Ufaransa ilikuta pia poloni na risasi-210, lakini ilisema zimetokana na mazingira ya kaburi, hasa gesi ya radoni inayotoka ardhini.

Timu ya Urusi ilisema Arafat alikufa kwa sababu za kawaida.

Wanaopinga dhana ya poloni wanaongeza kwamba Arafat hakunyonyoka nywele kama Litvinenko, tena uboho wake haukuonyesha uharibifu unaotarajiwa. Wanaoiunga mkono wanajibu kwamba wagonjwa wa namna hiyo waliochunguzwa ni wachache mno kwa kulinganisha. Mkojo na damu ya siku za hospitali vingeweza kutoa jibu, lakini mjane aliambiwa kwamba sampuli hizo ziliteketezwa.

Mwaka 2015 mahakimu wa Ufaransa walifunga kesi kwa kukosa ushahidi wa mauaji. Rufaa za familia zilikataliwa, na mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko yao. Kamati ya Wapalestina, iliyoongozwa na Tawfik Tirawi, iliendelea kuitaja Israeli kuwa mshukiwa mkuu, lakini haikuonyesha ni nani aliyeweza kuweka sumu wala kwa njia gani.

Urithi

Mahmoud Abbas alichaguliwa kuwa rais mwezi Januari 2005 kushika nafasi ya Arafat. Kaburi la Arafat katika Muqata lilijengewa ukumbusho, na makumbusho yake yako kando yake. Kwa Wapalestina wengi yeye ni baba wa taifa. Kwa Waisraeli wengi anakumbukwa hasa kwa mashambulizi ya makundi aliyoyaongoza. Chanzo cha ugonjwa uliomuua hakijathibitishwa.